Nyanya za Uani: Kigoma Ilime Nini Nyumbani, Inunue Nini Sokoni

Kila mvua zinapokolea na fungu la nyanya kupanda bei katika soko la Mwanga, swali lilelile hurudi Kigoma na Ujiji: kwa nini tununue kitu kinachoota chenyewe nyuma ya jiko? Swali ni la haki. Mbegu zilizomwagwa na maji ya vyombo huchipua bila mtu kuzipanda, zikatoa maua, na wakati mwingine matunda mawili matatu. Lakini majibu yanagongana. Ofisa ugani anahimiza kila kaya iwe na bustani. Jirani aliyejaribu anasema alipoteza maji na miezi minne, akaambulia nyanya chache zilizooza kitako. Mpangaji anamhofia mwenye nyumba, mwenye nyumba anaihofia manispaa, na anayeishi kando ya ziwa anaambiwa maji yapo bwerere, kisha anaambiwa kulima pale ni kosa.

Kila mmoja hapo ameshika kipande cha ukweli. Kinachowapotosha watu ni kuzungumzia mboga zote kana kwamba ni zao moja, na mwaka mzima kana kwamba ni msimu mmoja. Mchicha na nyanya havifanani hata kidogo kwa mahitaji, na uga uleule unaolisha familia mwezi Januari unaweza kuifilisi mwezi Agosti.

Mji uliozoea kulima

Kulima mjini si jambo geni huku. Ujiji ilikuwa mji wa miembe na michikichi kati ya nyumba na nyumba kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Familia nyingi bado zina shamba nje ya makazi, hasa katika bonde la mto Luiche, kusini mwa Ujiji. Nchi nzima ilisukumwa kulima baada ya Azimio la Iringa la 1972, Siasa ni Kilimo, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975, wakati wa ukame na uhaba wa chakula. Wazo kwamba mtu wa mjini naye ana wajibu wa kujilisha lilikita mizizi wakati huo na halijang'oka.

Lakini mji na nyanda zake za juu havina hali ya hewa moja. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda barabara ya Manyovu kupitia Mwandiga hadi Kalinzi, unavuka mita 1,500. Huko juu usiku una baridi, na kabichi hufunga vizuri. Huku chini joto na unyevunyevu wa ziwa havikatiki. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, takribani milimita 1,000 kwa mwaka. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi kikavu.

Jambo jipya limeongezeka. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Uamuzi ulikuwa na sababu nzito, kwa sababu samaki walikuwa wanapungua. Lakini tarehe zake zinaangukia kiangazi. Kitoweo kinapoadimika, sufuria ya mboga hubeba mzigo mkubwa zaidi, na ni katika miezi hiyohiyo ambapo bustani inadai maji mengi kuliko wakati wowote.

Hoja ya bustani

Wanaohimiza bustani ya nyumbani husimama juu ya mambo mawili, lishe na sumu.

Kwa lishe wana haki, ingawa mara nyingi hutetea zao lisilo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kaya ya watu watano inahitaji kilo 2 kila siku, kilo 60 kwa mwezi. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Inaleta ladha, rangi na vitamini C, lakini madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A yako kwenye majani: lengalenga, matembele, sombe (majani ya muhogo), mnavu, mgagani. Na Kigoma ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Viini vya vitamini A vilivyomo kwenye majani huhitaji mafuta ili mwili uvitumie, na sombe ya huku hupikwa kwa mawese, ambayo wekundu wake wenyewe ni viini hivyohivyo. Mama anayechuma majani uani na kuyapika kwa mawese ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ya lishe kabla hajagusa nyanya.

Majirani zetu wa Rwanda wameligeuza jambo hili kuwa kampeni ya serikali, akarima k'igikoni, yaani kashamba ka jikoni. Msemaji yeyote wa Kiha analielewa jina hilo bila mkalimani. Huko Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2008 shirika la Solidarités la Ufaransa lilisambaza bustani za magunia: gunia lililojazwa udongo, mawe yamepangwa katikati kupitisha maji, na miche imechomekwa ubavuni. Zao lililofana humo ni sukuma wiki na mchicha, mboga za mizizi mifupi. Watu wa Kigoma wanaoiga gunia hilo kwa kulijaza nyanya wanaiga umbo na kuacha sababu yake.

Hoja ya sumu nayo ina uzito. Mama anayeosha nyanya za sokoni mara nyingi hukuta vumbi jeupe limeganda karibu na kikonyo. Hayo ni mabaki ya dawa, aghalabu mancozeb, inayopulizwa kuzuia bakajani. Tatizo kubwa si kwamba mkulima alipuliza. Tatizo ni pale anapopuliza asubuhi na kuvuna jioni kwa sababu lori linaondoka. Lebo ya kila kiuatilifu hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na tangu sheria ya mwaka 2020 usimamizi wa bidhaa hizo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Maji huondoa kilichokaa juu ya ganda, lakini zipo dawa zinazopenya ndani ya mmea, na hizo haziondoki kwa kuosha. Mwenye bustani yake anajua alichopuliza na lini. Ni faida ya kweli, mradi asiazime bomba na dawa isiyo na lebo kwa jirani.

Hoja ya soko

Upande wa pili unasema: acheni wakulima walime. Hoja hii husikika kama uvivu, na hapo huonewa.

Mkulima wa bondeni ana ardhi ya kuhamahama, mtu wa uani ana futi chache zilezile kila mwaka. Mkulima hununua mbegu na dawa kwa bei ya jumla, na kazi aliyoizoea huifanya kwa saa moja mahali ambapo sisi tungetumia siku nzima. Kuna pia riziki ya wanaobeba mabeseni alfajiri na kupanga mafungu barabarani. Katika kiangazi, mashamba yanapomwagiliwa na matenga yakafurika, nyanya huwa rahisi kiasi kwamba ndoo za maji anazotumia mtu wa mjini kuotesha zake zinagharimu kuliko nyanya zenyewe.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inaongea kana kwamba soko lina bei moja. Mvua zinapozidi, bakajani hulala juu ya mashamba ya wazi na nyanya zikaoza shambani, huku barabara za udongo zikikwama. Bei hupanda wakati huohuo ambapo maji yanamwagika bure kutoka kwenye bati la kila nyumba. Watu wachache wanaufikiria msimu huo wanapopanga bustani, kwa sababu mazoea yanasema nyanya ni zao la kiangazi. Kwa shamba la wazi mazoea hayo ni sahihi. Uani hesabu ni tofauti, kama tutakavyoona.

Maji

Wengi wakitafuta pa kulima hupima ardhi. Huku Kigoma, kinachopaswa kupimwa kwanza ni ndoo.

Tuta la mboga katika jua la kiangazi hunywa kama lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Bustani ndogo ya mita 10 za mraba inataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Toka Juni mpaka mwisho wa Septemba ni siku 122. Jumla ni lita 6,100, zaidi ya ndoo 300. Piga hesabu hiyo kwa bei ya ndoo mtaani kwako, au kwa safari za mtoto anayepanda kilima na dumu kichwani, kisha ulinganishe na mboga utakazopata. Mita 10 za mchicha uliotunzwa hutoa kama kilo 10 hadi 20 kwa mwezi. Hiyo ni sehemu ya sita hadi ya tatu ya zile kilo 60. Ni msaada mzuri sana, lakini si kujitegemea, na anayeahidiwa kujitegemea huvunjika moyo mapema.

Wapo wanaosema ziwa lipo, tukalime ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto pale zinapoharibu, na miaka ya karibuni ziwa lenyewe limeonyesha kwa nini: maji yalipanda na kufunika maeneo ya ufukwe yaliyodhaniwa ni nchi kavu ya kudumu. Udongo unaolimwa ukingoni na kwenye miteremko huishia majini na kufunika miamba ambako samaki hutaga. Taasisi ya Jane Goodall ilipoanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ilikuta vilima vimevuliwa miti kwa ajili ya kuni na mashamba. Miinuko ya mji wa Kigoma ina hatari hiyohiyo. Tuta la uani kwenye mteremko lazima likingame na mteremko. Likishuka nao, mvua ya kwanza ya Novemba italibeba.

Kisha kuna maji ya mtaro. Mwambao huu unakijua kipindupindu: mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, maelfu ya watu waliugua. Sombe hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, lakini nyanya ya kachumbari huingia mdomoni mbichi. Maji ya mtaro yasiguse kabisa kitu kitakacholiwa kibichi. Maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na sabuni nyingi, yanaweza kwenda kwenye mgomba na mpapai. Na pipa la kukinga mvua lifunikwe, maana mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia.

Kwa nini nyanya hunyauka

Malalamiko ya kawaida kabisa ya mwenye bustani Kigoma ni haya: mche ulikuwa na afya, una maua, jana nilimwagilia, leo umelala. Majani bado ni ya kijani. Anaongeza maji, na kesho yake mche umekufa.

Mara nyingi huo ni mnyauko bakteria. Kuna njia ya kuutambua isiyohitaji maabara. Kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize ndani ya glasi ya kioo yenye maji safi, ncha ya chini imezama, bila kuitikisa. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama moshi wa ubani zikishuka polepole kutoka kwenye mkato, na maji kuanza kuwa kama maziwa yaliyozimuliwa. Maji yakibaki angavu, tafuta sababu nyingine, labda minyoo fundo, ambayo huacha vinundu kwenye mizizi.

Bakteria hao hupenda joto na unyevu, kwa hiyo ukanda wa ziwa ni nyumbani kwao. Hukaa udongoni miaka mingi, na hakuna dawa ya dukani inayowaondoa kwa uhakika. Tiba ya mkulima ni kuhama: msimu huu nyanya, kisha mahindi au maharage kwa misimu kadhaa. Hapo ndipo mtu wa uani anapokwama. Ana tuta moja. Bilinganya, pilipili, ngogwe, viazi mviringo na hata mnavu ni ndugu wa nyanya, kwa hiyo akibadilisha nyanya kwa bilinganya hajabadilisha kitu. Mwaka wa kwanza alivuna vizuri na majirani wakamsifu. Mwaka wa tatu ameacha, akidhani mkono wake hauna baraka. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya bustani nyingi za nyanya mjini kufa, na haitajwi inavyostahili katika mahamasisho. Watu wanapewa mbegu bila kuambiwa kwamba udongo wao una kumbukumbu.

Kantangaze ni adui mwingine. Kipekecha huyu aliingia nchini mwaka 2014 akionekana kwanza Ngarenanyuki, Arumeru. Kiwavi wake hula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili, akaacha madoa meupe kama karatasi iliyounguzwa, kisha huingia kwenye tunda. Mwenye ekari hana namna ila kupuliza. Mwenye mashina 8 anaweza kuyapitia kila asubuhi, kuchuma jani lenye doa na kulichoma moto. Kuoza kitako, kwa upande wake, si ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umekosa kalsiamu ya kutosha kwenye tunda, aghalabu kwa sababu unamwagiliwa leo kupita kiasi na kusahauliwa siku tatu.

Sheria na mpangaji

Hofu ya kukatazwa kulima kabisa mjini haina msingi mkubwa. Kanuni za Kilimo cha Mjini za mwaka 1992, zilizotungwa chini ya sheria ya mipango miji ya wakati huo, zilikitambua kilimo hicho na kukiwekea mipaka, ikiwamo ukomo wa ekari tatu kwa mtu. Ordinansi iliyozizaa ilifuatiwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Sheria ndogo za miji kadhaa hukataza mazao marefu kama mahindi karibu na makazi. Mchicha uani haujawahi kuwa tishio kwa mji wowote.

Mpangaji ana tatizo zito zaidi. Anayeweza kuambiwa ahame mwezi ujao hapandi mpapai. Ndoo kuukuu na viroba vya kilo 25 vinamfaa kwa sababu vinabebeka. Na mbuzi wanaozurura mitaani humaliza kazi ya miezi miwili kwa nusu saa, hivyo uzio wa matete au wavu wa zamani wa wavuvi ndio ununuzi wa kwanza, kabla ya mbegu.

Mizani

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona wahimizaji wana haki kuhusu majani na wamekosea kuhusu nyanya za kiangazi. Wapinzani wana haki kuhusu nyanya za kiangazi na wamekosea wanapoifuta bustani yote.

Kwa miezi mikavu, mboga za uani ziwe zile zinazovumilia: mihogo kando ya ua kwa ajili ya sombe, ikitwangwa na kuchemshwa vizuri kuondoa sumu yake, na matembele pale yanapodondokea maji ya kunawia mikono. Haya hayataki ndoo 300. Yako tayari wakati uvuvi umesimama na fedha ya mboga imepungua. Mvua zikianza, lengalenga na mchicha huchukua nafasi, maana hung'olewa ndani ya wiki tatu au nne na hazimdai mtu zaidi ya mbegu na samadi iliyooza. Kabichi na karoti ziachiwe nyanda za juu. Wanaozileta wanazilima vizuri kuliko tutakavyoweza, na kununua kwao ni kulisha kaya nyingine.

Nyanya ziwe chache na ziwe za msimu wa mvua. Mashina 8, kila moja ndani ya ndoo yake iliyotobolewa chini, yakisimama chini ya nailoni angavu iliyofungwa juu ya miti minne. Shamba la wazi haliwezi kujikinga na mvua, mashina 8 yanaweza. Jani lisipolowa, bakajani haina pa kuanzia. Maji ni ya bati. Jua la Desemba hupita kusini mwetu, kwa hiyo upande wa kusini wa nyumba, ulio kivulini mwezi Juni, ndio hupata mwanga wakati huo. Shina lililotunzwa hutoa kilo mbili hadi tatu. Kwa mashina 8 hiyo ni kama kilo 20, na kaya inayotumia nusu kilo kwa siku inapumzika kununua kwa siku 40, katika wakati ambao bei iko juu. Gharama yake ni nailoni, uangalizi wa kila asubuhi, na uvumilivu wa kutopanda tena katika udongo huo mwaka unaofuata. Ndoo zimwagwe kwenye mgomba na zijazwe upya.

Udongo wa kujazia uchukuliwe mahali ambapo jamii ya nyanya haijawahi kupandwa, kwa mfano chini ya mwembe wa zamani. Mwezi Agosti uloweshwe, utandazwe juani na kufunikwa kwa nailoni hiyohiyo kwa wiki nne hadi sita, ili joto lipunguze minyoo na vimelea. Tengeru 97 au Tanya, mbegu zilizotolewa na watafiti wa Tengeru mwaka 1997, zinafaa kwa ndoo. Zisiwekwe kitaluni kabla ya wiki ya kwanza ya Oktoba wala baada ya wiki hiyo. Miche ihamishwe mapema Novemba, na katikati ya Januari, wakati mabeseni ya Mwanga yanapoonyesha nyanya ndogo zenye madoa kwa bei ya juu, za kwanza zitakuwa zinaiva.